Begi moja mpaka Cape Town: jinsi ya kupanga mzigo wa safari ndefu ya mgongoni

Hapa naongea na mtu anayetaka kutoka Dar mpaka Cape Town kwa nchi kavu, treni ya TAZARA au basi la Tunduma, halafu Zambia, Botswana, Namibia, anashuka taratibu miezi miwili mitatu na begi moja tu mgongoni. Ukitokea Nairobi, Kampala au Bujumbura mambo ni yale yale, unaongeza tu kipande cha kufika Mbeya. Nimechukua msimu wa mwezi wa sita hadi wa nane makusudi, kwanza sehemu kubwa ya njia ni kiangazi, barabara kavu na wanyama wanaonekana vizuri, pili ndo msimu unaochanganya watu kwenye kupanga begi. Unatoka Dar na tisheti, usiku treni ikishapanda kuelekea Makambako unatetemeka, Livingstone unalowa kwa manyunyu ya maporomoko ya Victoria, Kalahari mchana jua linachoma na usiku maji ya chupa yanaweza kuganda, halafu unamalizia Cape Town ambako huo mwezi wa saba ndo mvua zao na upepo. Mtu akisikia hivyo anakimbilia begi la lita 80 na kuhamishia kabati lote humo.

Usifanye hivyo. Mimi nina kanuni moja tu, unapanga begi la wiki moja haijalishi unaenda miezi mingapi. Wiki ya pili unafua. Kitu kikiisha unanunua, maana huko kote wanaishi watu, wana masoko, wana mafundi viatu, Lusaka unapata kila kitu na Windhoek ndo usiseme. Vitu ambavyo huwezi kuvipata njiani kirahisi ni vichache mno: karatasi zako, dawa zako maalum kama unazo, miwani kama unavaa, na viatu kama mguu wako ni wa namba za shida. Hivyo ndo vya kuumizia kichwa, vingine vyote ni mazungumzo.

BEGI LENYEWE

Lita 40, ukizidi sana 45, na likijaa lisipite kilo 9 bila maji. Najua kuna mtu atasema mbona mpagazi wa Kilimanjaro anabeba 20, kweli, hicho ndo kikomo anachopimiwa getini, ila yule ni kazi yake na mlima una mwisho, wewe unalibeba kila siku kutoka stendi mpaka hosteli na kutoka hosteli mpaka stendi. Sababu kubwa zaidi ni magari. Minibasi za Zambia na zile kombi za Afrika Kusini nyingi hazina buti la maana, begi unapakata. La lita 40 linapakatika, la 70 utaambiwa ulilipie siti na konda wala hatakuwa anatania.

Kununua jipya ni hela nyingi bila sababu. Nenda mitumba, Karume kama uko Dar, Gikomba kama uko Nairobi, na kama unaweza kufika Moshi basi Memorial ndo penyewe maana pale yanaangukia mengi ya vifaa vya wapanda mlima, mabegi, majaketi, soksi nzito na kadhalika. Ukishaona begi usiangalie rangi. Lifungue, ingiza mkono mpaka chini kabisa, pangusa kitambaa kwa ndani. Mabegi mengi ya aina hii yana utando wa kuzuia maji upande wa ndani, na ukizeeka unaanza kunata vidoleni halafu unabanduka vipande vyeupe kama mba. Hilo liache hata ukipewa kwa bei ya soda, zile mba zitakaa kwenye nguo zako safari nzima na harufu yake haitoki. Kisha zipu, ivute begi likiwa limejazwa, sio tupu, zipu inaachia kwenye kona. Halafu shika pale mikanda ya mabega ilipoungana na mgongo, vuta kwa nguvu zako zote, ukisikia uzi unalia ujue fundi anakusubiri.

Bado hujalipa. Muombe muuzaji akujazie jinzi za kwenye meza yake, kilo nane tisa hivi, livae. Funga mkanda wa kiunoni kwanza, ukae juu ya mfupa wa nyonga sio tumboni, ndo uvute ile ya mabegani. Begi lililokukaa unalisikia kiunoni kuliko mabegani, ukilisikia mabegani tu basi mgongo wake ni mrefu au mfupi kuliko wako na hakuna marekebisho yatakayokusaidia. Tembea nalo mpaka kwa mama ntilie urudi. Watakutania, we tembea tu.

Na ukiwa sokoni hapo hapo nunua kiroba, ile sandarusi ya kilo 50 au 100 inayowekewa mahindi. Hii watalii hawaijui na ndo siri ya mabasi yetu. Begi linapoingia kwenye buti unalitumbukiza mzima ndani ya kiroba, unafunga mdomo kwa kamba. Faida ya kwanza uchafu, kwenye buti kuna ndoo ya dagaa, kuna kuku, kuna dumu la mafuta ya taa linalovuja, na vumbi la barabara linaingia mpaka ndani ya soksi. Faida ya pili hakuna mtu anayeona kwamba pale kuna begi la msafiri, anaona kiroba cha mahindi kama vingine ishirini vilivyopo. Weka alama yako kwa peni nene ili na wewe usije ukashuka na mahindi ya watu. Kikichanika unanunua kingine.

NGUO

Wazo ni kuvaa tabaka. Usibebe koti moja zito la baridi, beba vitu vyepesi vinavyovaliwa kimoja juu ya kingine, ukiwa Kasane, kaskazini ya Botswana, mchana unabaki na tisheti, ukiwa Windhoek alfajiri unavaa vyote kwa pamoja. Mi naona hivi vinatosha kabisa: tisheti nne, moja iwe ya mikono mirefu, suruali mbili nyepesi, kaptura au sketi moja, chupi tano, soksi jozi nne ambapo mbili ni nzito za sufu, fulana na taiti za joto za kuvaa ndani, sweta la flisi, na lile jaketi jepesi lililojazwa manyoya ya bata, linalofinywa mpaka linaingia kwenye mfuko wake lenyewe. Hilo jaketi mitumbani lipo, watu hawalijui thamani yake, wanaliona limekaa kizembe. Juu ya yote koti la mvua lisilo na bitana, lenye kofia, likubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya hilo la manyoya. Mzula wa kichwani, skafu, glavu za bei rahisi. Basi.

Jinzi acha. Najua inauma. Jinzi moja inakaribia kilo, ikilowa inakaa siku mbili haijakauka hasa kwenye baridi, na inakula nafasi ya suruali mbili. Ukishindwa kabisa kuishi bila jinzi basi ivae mwilini na uache nyingine yoyote.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi, nguo za mabakamabaka ya kijeshi usibebe hata moja, iwe kofia, iwe kaptura, iwe begi lenyewe. Zambia na Zimbabwe raia kuvaa hizo ni kosa kisheria, na hata kwetu sote tunajua zinavyotafutiwa maelezo. Kwa hiyo kama ulipata begi zuri la mtumba la rangi hiyo, pole, tafuta lingine.

Khanga au kikoi hii sina haja ya kukueleza lakini nakukumbusha tu maana wengi wanaviacha nyumbani wanaenda kununua taulo la wazungu la bei mbaya. Kikoi ni taulo linalokauka haraka, ni shuka pale ambapo shuka la gesti hulielewi, ni pazia ya kitanda cha chini kwenye dom, kile chumba cha watu wengi cha hosteli, ni mto ukikunjwa, na kwa dada zangu khanga mbili zinamaliza mambo yote ya kujistiri kwenye treni. Dera moja pia lina nafasi yake, jepesi, linavaliwa juu ya chochote unapoamshwa usiku kukaguliwa.

Weka na nguo moja ya heshima. Shati la kola kwa mwanaume, blauzi na suruali safi kwa mwanamke. Hiyo ni ya mipakani. Mtu mwenye pasi ya Ulaya anavuka na kandambili na tisheti iliyotoboka hakuna anayemuuliza kitu, wewe na pasi yako utaulizwa unaenda wapi, kwa nani, una hela kiasi gani, unarudi lini. Sio haki ila ndo ilivyo, na kola inasaidia. Kwa hiyo siku ya mpaka unaivaa, ukishavuka unaivua na kuikunja.

Viatu ni pea mbili tu, raba imara moja uliyokwisha kuivaa ikazoea mguu, na kandambili. Sasa hapa Botswana wana jambo lao. Kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe wana fensi za mifugo zinazokata nchi, mkifika mnashuka wote kwenye gari mnakanyaga dawa, na mara nyingine wanataka hata viatu vilivyomo begini vitolewe vichovywe. Ndo maana viatu vya akiba vinakaa juu kabisa au vinaning'inia nje, sio chini ya begi, vinginevyo utamwaga kila kitu barabarani huku basi zima linakusubiri na watu wanasonya. Na nyama usibebe, iwe mbichi iwe ya kukausha, wanaichukua. Ule mzigo wa vyakula vya nyumbani jumla upunguze, tende na korosho zinatosha kwa treni, ugali upo njia nzima, Zambia wanakula nshima Afrika Kusini wanakula pap, hutakufa njaa. Kinachokosekana ni pilipili ya kueleweka, hiyo beba ya unga kwenye kichupa.

KARATASI NA HELA

Hii ndo sehemu nzito ya begi lako japo haina kilo. Tafuta bahasha ya plastiki ya zipu ya saizi ya karatasi ya kawaida, ndani yake weka pasi, fotokopi za ukurasa wa picha, picha ndogo za pasipoti nne au zaidi, kadi ya njano, bima kama umekata, anwani ya kulala usiku wa kwanza wa kila nchi ikiwa imechapishwa kabisa kwenye karatasi, na taarifa ya benki ya karibuni. Simu inazima, karatasi haizimi. Vyote hivyo vipige picha ujitumie kwenye barua pepe yako na umtumie mtu mmoja nyumbani.

Pasi iwe na zaidi ya miezi sita na kurasa tupu za kutosha, kwenye njia hii kila nchi inagonga kuingia na kutoka, Afrika Kusini wenyewe wanataka uwe na kurasa mbili wazi. Habari njema ni kwamba Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza mpaka siku 90, na Wakenya nao tangu Januari 2023 wanapata siku 90 kwa mwaka. Nchi nyingine za njiani angalia kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi husika wiki ya kuondoka, usitegemee maneno ya mtu aliyepita zamani, mambo haya yanabadilika.

Kadi ya njano ya homa ya manjano usicheze nayo. Chanjo moja ni ya maisha yako yote tangu Julai 2016, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi, lakini inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchoma jana na kupanda treni leo haisaidii. Ikae pamoja na pasi, sio kwenye begi kubwa lililo kwenye kiroba.

Hela gawanya sehemu tatu, nyingine mwilini kwenye kibegi chembamba cha kiunoni kinachovaliwa ndani ya nguo, nyingine kwenye begi dogo la kifuani, nyingine imefichwa ndani kabisa ya begi kubwa mahali ambapo hata wewe utahitaji kufikiria. Dola beba kidogo za akiba, noti safi zisizo na mikunjo wala muhuri wala kichaniko, na ziwe za matoleo mapya, zile zenye kichwa kidogo bureau nyingi wanakurudishia au wanakupa bei ya dharau. Randi ukiipata inakufanyia kazi Namibia na Lesotho pia, thamani moja kwa moja na hela zao, lakini dola ya Namibia usivuke nayo kwenda Cape Town, kule hawaitaki.

Na kitu kidogo ambacho kimelaza watu njaa: kabla hujatoka nchini washa roming kwenye laini yako ya nyumbani na uhakikishe inapokea meseji ukiwa nje. Benki na huduma za simu zinatuma namba za uthibitisho kwenye laini ile, ukiitoa ukaitupa kwenye bahasha ukaweka ya Zambia umejifungia hela zako mwenyewe. Simu ya laini mbili inamaliza tatizo.

DAWA

Ziache kwenye vifungashio vyake, usimwage vidonge kwenye kimfuko kimoja. Dawa ya maumivu, ya kuharisha pamoja na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, plasta, dawa ya kidonda, ya mzio kama unao, na za kwako za kila siku kwa muda wote pamoja na barua ya daktari. Kuna mtego Zambia, dawa za kikohozi, mafua na mzio zenye kitu kinaitwa diphenhydramine zinahesabika dawa za kulevya kule kama huna kibali, na watu wamekamatwa kwa chupa ya kikohozi tu. Codeine ndo kabisa. Soma maandishi madogo kwenye boksi kabla hujaondoka, ukiona majina hayo acha nyumbani. Waliozoea Dubai wanajua habari hii kwa tramadol.

Malaria inakufuata mpaka Livingstone, Kasane na kaskazini ya Namibia, kwa hiyo dawa ya kupaka ya mbu na nguo ya mikono mirefu ya jioni. Ukishashuka Cape Town hakuna malaria, na hapo ndo pana hatari yake maana homa inaweza kukupanda wiki kadhaa baada ya kung'atwa, unaenda hospitali unapimwa mafua. Mwambie daktari mwenyewe, nimetoka Zambia, nipimeni malaria. Mi naona ni akili kubeba dozi moja ya dawa mseto ndani ya boksi lake, ila ya kumeza baada ya kupima, sio kwa kuhisi.

UMEME

Simu, chaja, waya wa akiba, tochi ya kichwani, na pawabanki. Ya 20,000 mAh inatosha, ina kama Wh 74, na kwa sababu huenda ukarudi kwa ndege ujue kikomo cha kawaida ni Wh 100 na lazima uingie nayo ndani, haipakiwi kwenye begi la chini. Usiidharau, mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya bwawa la Kariba na Zambia ikawa na mgao wa masaa mengi kwa siku, na Afrika Kusini nao mgao wanaujua vizuri.

Plagi: pini zetu za mstatili tatu zinakubali Zambia, Botswana unakutana na mchanganyiko, Namibia na Afrika Kusini ni zile nene tatu za duara. Sasa ile adapta ya dunia nzima inayouzwa Kariakoo ukiitazama vizuri nyingi hazina hizo nene za duara. Usihangaike, ukifika Windhoek ingia supamaketi yoyote nunua ya kwao, ni bei ndogo.

Laptopu kama hufanyi kazi njiani iache.

MZIGO WA WATU

Bora niiseme hii mapema kwa sababu itakukuta wiki ya mwisho. Ukishatangaza kwamba unaenda Sauzi, shangazi atakuja na kifurushi cha mwanawe aliyeko Johannesburg, jirani ataleta dagaa wa Kigoma, mtu usiyemjua vizuri ataleta boksi la viatu limefungwa na selotepu pande zote. Mzigo uliofungwa usibebe, hata wa shangazi. Mpakani begi ni lako na kilichomo ni chako, hakuna askari atakayempigia simu shangazi yako. Namna ya kukataa bila ugomvi ni kuonyesha mizani: shangazi shikamoo, begi limefika kilo tisa na daktari wa mgongo amekataa, hela nitampelekea, barua nitampelekea. Akisisitiza, mwambie mfungue pamoja mezani. Wengi hapo wanakumbuka kuna mtu mwingine anayesafiri.

Zawadi za watakaokupokea ni jambo jingine, huwezi kwenda mikono mitupu. Khanga ndo jibu, bapa, nyepesi, haivunjiki, na kila mwenyeji anaifurahia. Mbili tatu chini ya begi.

KUPANGA SASA

Nguo zisikunjwe kama za kabatini, zizungushwe mviringo kwa nguvu halafu zipangwe zimesimama. Chini kabisa vitu vya usiku na khanga za zawadi. Katikati upande wa mgongoni vile vizito, kifuko cha dawa, chaja, chakula, vikae karibu na uti wa mgongo kadri inavyowezekana, vikikaa nje begi linakuvuta nyuma na unatembea umeinama. Nguo zinajaza pembeni. Juu koti la mvua na sweta, maana hivi vitahitajika bila taarifa. Ukienda Livingstone mwezi wa sita maporomoko bado yana maji mengi, kwenye lile daraja dogo la miguu unalowa mpaka chupi, kwa hiyo siku ile pasi na hela ziwe kwenye ile bahasha ya zipu na begi kubwa libaki hosteli.

Ndani ya begi weka mfuko mmoja mkubwa mzito usiopitisha maji halafu vyote viingie humo, kava ya nje peke yake mvua ya upepo inaipita. Mifuko laini ya kubebea ya plastiki usiitegemee, Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, ile ya zipu ya vipodozi safarini hiyo haina shida.

Vidogo vidogo: sabuni ya mche kipande, inafua na inaogea na haimwagiki. Kamba nyembamba ya kuanikia. Kufuli la namba. Sindano, uzi mnene na tepu ya kuzungushia, hizi tatu zinatengeneza begi, kiatu na koti. Tishu roli moja daima. Pedi za mwezi wa kwanza, zingine utanunua. Kijiko. Kikombe cha plastiki cha treni.

Begi dogo la kifuani ndo la mwilini muda wote, pasi, simu, maji, tishu, sweta. Kwenye TAZARA linakuwa mto. Kwa wasiojua, daraja la kwanza ni vitanda vinne kwa chumba, la pili sita, na wanaume na wanawake wanatenganishwa labda mnunue chumba kizima, na ratiba ulizia stesheni kwanza kwa sababu kuna vipindi haitembei. Kwenye basi begi hilo linakaa miguuni umepitisha mkanda kwenye goti, sio juu kwenye keria, hata siti ya mbele. Na stendi ya Lusaka wapiga debe wanaweza kukunyang'anya begi kwa nia njema kabisa ya kukupeleka kwenye basi lao, ukiwa na mkanda wa kiunoni umefungwa hawaliwezi.

Likishapangika, wiki moja kabla, livae upande daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kweli kabisa. Panda, simama, shuka kituo cha nne, rudi kwa miguu. Ukifika nyumbani mwaga vyote kitandani na utakuwa unajua vitu gani vya kuondoa bila kuambiwa na mtu, kwa kawaida ni viatu vya tatu, kitabu kinene na nusu ya tisheti. Rudia mpaka uweze kulivua na kulivaa ukiwa umesimama bila kushikwa mkono.

Kama mwisho utapitia Lesotho, nchi ambayo sehemu yake ya chini kabisa iko kama mita 1,400 juu na milimani theluji inaanguka msimu huo, usitupe nguo za baridi Cape Town. Ukishavuka kushuka Durban au Maputo ndo uziuze au umpe mtu, pwani kule hazina kazi. Na ukirudi kwa ndege kutoka Johannesburg, kampuni nyingi zinataka begi la ndani lisizidi kilo 7, kwa hiyo vaa sweta na jaketi mwilini, jaza mifuko, na kisu cha mfukoni kiingie kwenye mzigo wa chini au ukigawe kabla hujafika kwenye mashine.